Kiu ya Mitambo katika Nchi Kavu

Historia ya nchi kavu aghalabu ni historia ya vyombo vya maji. Mwezi wa Agosti 1851, Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa na makao yake Rabai karibu na Mombasa, alijikuta peke yake katika pori lililo jirani na mto Tana. Mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu kutoka Kitui, alikuwa ameuawa njiani na wanyang'anyi, na wafuasi wake walikuwa wametawanyika. Krapf aliufikia mto akanywa akashiba. Walakini hakuwa na kibuyu wala kiriba cha kuchukulia maji ya safari. Ndipo alipojaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, na katika mitutu ya bunduki yake, akaiziba kwa majani na vipande vya nguo. Maji hayo hayakudumu, na kiu ilimtesa tena kabla hajafika kwa watu.

Si kwamba Krapf alikuwa mgeni kabisa katika Ukambani. Alikuwa amefika kwa Kivoi mara ya kwanza mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba ya mwaka huo aliuona mlima Kenya akiwa Kitui. Lakini kuijua nchi kwa macho ni jambo moja, na kuijua kwa kiu ni jambo jingine. Misafara ya Wakamba iliyoshuka kutoka Kitui mpaka pwani ilivuka nyika kwa hesabu ya vibuyu. Mpagazi aliyejua njia alijua vilevile mahali pa kuchimba mchanga wa mto uliokauka ili apate maji, na alijua ni siku ngapi zilizo kati ya shimo moja na jingine. Maarifa hayo yalikuwa mzigo usioonekana, nao ulikuwa na thamani kuliko pembe alizozibeba begani.

Baada ya wapagazi walikuja wasafiri wengine, nao ni wa chuma. Kwanza lilikuja gari la moshi, kisha motokaa, na katika siku zetu motokaa ya haibridi, ambayo huendeshwa kwa petroli na umeme pamoja. Wasafiri hao nao wana kiu. Katika insha hii tutaifuata kiu yao tangu karne ya kumi na tisa mpaka leo. Msomaji ataona kwamba kila mtambo mpya ulihitaji maji machache kuliko uliotangulia, lakini ulimdai mwenyewe maarifa mengi zaidi. Mtu akikubali punguzo la kwanza na kukataa deni la pili, hasara haiko mbali naye.

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Mara tu wajenzi walipoacha mashamba ya pwani nyuma yao waliingia nyika ya Taru, nchi ya miiba ambayo haina mto wa kutegemewa. Maji ya kunywa ya maelfu ya wafanya kazi yalipelekwa kwa treni kutoka nyuma, juu ya reli ileile waliyokuwa wakiitandika. Treni ilipochelewa, watu walikaa na kiu. Reli ilipita Voi na Tsavo, ikaingia Ukambani kwa njia ya Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ukingo wa ziwa Viktoria mwishoni mwa mwaka 1901.

Gari la moshi la zamani lilikuwa mnywaji asiyejizuia. Moto uliwaka chini ya pipa kubwa la chuma liitwalo boila, maji yakachemka, na mvuke ukasukuma vyuma vilivyozungusha magurudumu. Mvuke uliokwisha kufanya kazi ulitoka kwa bomba la juu ukapotea angani. Kwa hiyo kila maili lililokwenda gari lilikuwa maili la kumwaga maji hewani, na ilikuwa lazima matangi yajengwe stesheni baada ya stesheni ili lipate kujazwa. Tena si kila maji yaliyofaa. Maji yenye chokaa na chumvi huacha magaga ndani ya boila, kama yale tuyaonayo ndani ya sufuria ya chai iliyotumika miaka mingi. Magaga huuzuia moto usiyafikie maji upesi, na chuma kilicho kati yao huungua. Basi tangu mwanzo wa habari hii jambo moja lilikuwa wazi, nalo ni kwamba mtambo haujali wingi wa maji peke yake, bali hujali na tabia yake.

Magari ya moshi yalikua mpaka yakafikia kimo chao katika miaka ya 1955 na 1956, wakati Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipopokea injini 34 za aina ya Garratt kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hapakuwa na injini za mvuke zenye nguvu kuliko hizo duniani kote katika reli za upana wa mita moja. Hata hivyo, siku zao zilikuwa zikihesabiwa. Injini za dizeli zilianza kuvuta treni za njia kuu mwaka 1960. Dizeli nayo ina maji ndani yake, lakini maji yake hayatupwi angani. Huzunguka na kurudi. Kufikia mwaka 1980 enzi ya mvuke katika njia kuu ilikuwa imekwisha, na leo Garratt iitwayo Mount Gelai imesimama katika jumba la makumbusho la reli mjini Nairobi, imetulia kama mzee aliyestaafu.

Sasa na tuigeukie motokaa. Moto wa gari la moshi huwaka nje ya boila, lakini moto wa motokaa huwaka ndani ya injini yenyewe. Petroli na hewa hulipuka mara nyingi katika kila dakika, na sehemu ndogo tu ya joto lile hugeuzwa kuwa mwendo. Sehemu nyingine hutoka na moshi, na karibu theluthi moja huingia katika chuma cha injini. Joto hilo lisipoondolewa, mafuta ya kulainisha huungua, vyuma hutanuka vikashikana, na mtambo wa thamani hugeuka chuma chakavu kwa muda mfupi. Kwa hiyo maji ya motokaa si chakula chake kama yalivyokuwa kwa gari la moshi. Kazi yake ni uchukuzi: hulibeba joto kutoka mahali pa hatari na kulitua mahali pa salama.

Motokaa ya Karl Benz, iliyoandikishwa Ujerumani mwezi wa Januari 1886, ilikuwa bado haijaitambua vema tofauti hiyo. Maji yake yaliizunguka injini, yakachemka, yakapotea kama mvuke. Mwezi wa Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, aliondoka Mannheim pamoja na wanawe wawili akaenda Pforzheim kwa motokaa ya namna hiyo, safari ya kilometa 100 na zaidi, ili awaonyeshe walimwengu kwamba chombo cha mumewe kinafaa. Njiani alilazimika kusimama mara kwa mara kuongeza maji, popote alipoyapata. Yamkini huyo ndiye mtu wa kwanza katika historia aliyeifanya kazi hii ya kuangalia na kujaza maji ya motokaa katika safari ndefu. Ni vema wasichana wanaosoma kurasa hizi wakumbuke kwamba alikuwa mwanamke.

Ponyo la upotevu huo lilikuwa rejeta. Mwaka 1900 Wilhelm Maybach aliiundia motokaa ya kwanza iliyoitwa Mercedes rejeta iliyofanana na sega la nyuki, yenye vijibomba 8,070. Maji ya moto yalipita katikati ya vijibomba hivyo, upepo ukapita ndani yake, na joto likachukuliwa na hewa huku maji yenyewe yakibaki. Mwaka 1908 Henry Ford alianza kuuza Ford ya aina ya T, ambayo kwa sehemu kubwa ya maisha yake haikuwa na pampu ya maji. Ilitegemea kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sayansi anaijua: maji ya moto hupanda na maji ya baridi hushuka. Maji yaliyopata joto katika injini yalipanda mpaka kichwa cha rejeta, yakapoa, yakashuka, yakarudi injini. Katika nchi tambarare zenye ubaridi njia hiyo ilitosha. Katika kilima kirefu na jua kali, maji yalichemka, na dereva alishuka na kopo mkononi.

Watu wa nchi zetu hawakuhitaji kufundishwa na kiwanda kwamba maji yanaweza kupoza. Mtungi wa udongo ni mwalimu wa zamani. Maji machache hupenya ukuta wake, hukauka nje, na ukaukaji huo huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Kwa kanuni hiyohiyo madereva wa zamani wa Afrika Mashariki walitundika mfuko wa turubai uliojaa maji mbele ya motokaa. Upepo wa mwendo uliukausha unyevu wa turubai, na maji yakabaki ya baridi. Nusu ilikuwa ya dereva na nusu ilikuwa ya rejeta, na mara nyingine wote wawili walikuwa na kiu kwa wakati mmoja.

Mafundi wengine walifikiri kuwa afadhali kuyaacha maji kabisa. Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe ilipozwa kwa hewa peke yake, ikisukumwa na feni. Mashindano ya Safari yalipoanzishwa mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, motokaa hiyo ndogo ilijipatia heshima, ikawa mshindi wa mwaka 1954, wa mwaka 1957 na wa mwaka 1962. Asiye na rejeta haogopi rejeta kutoboka. Lakini hewa ni mchukuzi dhaifu wa joto kuliko maji, na kadiri injini zilivyozidi nguvu, maji yalirudishwa kazini. Palibaki swali moja: vipi maji yatumike bila kupotea?

Jibu lilikuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kifuniko kinachobana. Katika mji wa Kitui, ulio juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,000, maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 96 za Selsiasi, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Kifuniko cha rejeta kikiyafungia maji na kuongeza mkandamizo ndani yake, kiwango cha kuchemka hupanda kwa nyuzi 20 na zaidi. Maji hubaki maji mahali ambapo yangekuwa mvuke. Faida hiyo ina hatari yake. Mtu akifungua kifuniko wakati injini ina moto, mkandamizo huondoka ghafula, maji huchemka yote kwa pamoja, na huruka usoni mwake. Makovu ya namna hiyo yamo katika nyuso za watu wengi waliokuwa na haraka.

Njia ya pili ni dawa iliyotiwa ndani ya maji. Katika miaka ya 1850 mwanakemia Mfaransa, Charles-Adolphe Wurtz, alitengeneza kioevu kitamu kiitwacho ethilini glaikoli. Miaka 70 hivi baadaye waunda motokaa wa nchi za baridi walikitia katika maji ya injini ili yasigande na kuipasua injini wakati wa theluji. Kitu kilekile kinachochelewesha kuganda huchelewesha na kuchemka, na pakiongezwa dawa za kuzuia kutu, chuma na alumini hukaa salama miaka mingi. Hivyo ndivyo kitu kilichotafutwa kwa ajili ya barafu ya Ulaya kilivyofaa katika jua la Ukambani. Mchanganyiko huo ndio mafundi wetu wauitao kulanti. Atakayesema kwamba Kitui hakuna theluji, kwa hiyo maji matupu yanatosha, amesikia nusu ya habari.

Mwezi wa Desemba 1997 kiwanda cha Toyota kilianza kuuza Prius katika Ujapani. Hiyo ilikuwa motokaa ya haibridi ya kwanza kuundwa kwa wingi kwa ajili ya watu wote. Miaka ilipopita zilifuata nyingine, miongoni mwake Aqua, iliyotoka Ujapani mwishoni mwa mwaka 2011. Kwa kuwa sheria ya Kenya inaruhusu kuingizwa kwa motokaa iliyotumika ambayo haijapita miaka 8, nyingi zimefika Mombasa kwa meli zikiwa na maandishi ya Kijapani katika vifuniko vyake. Kutoka Mombasa zimepanda njia ileile ya reli na ya wapagazi, na si ajabu tena kuiona moja ikipita barabara za Kitui bila kelele. Mtu wa kijijini huisikia tairi yake juu ya changarawe kabla hajasikia injini.

Ukimya huo umewapotosha wengi. Wamedhani kwamba kitu kisichonguruma hakipati joto. Kumbe haibridi ina joto la aina tatu, na kila moja ina njia yake ya kupozwa. La kwanza ni joto la injini ya petroli, ambalo hupozwa kwa kulanti na rejeta kama katika motokaa nyingine. La pili ni joto la inveta, chombo kinachougeuza umeme wa betri kubwa uwe wa namna inayotakiwa na mota za kuendeshea. Betri ya kawaida ina volti 12. Betri kubwa ya Aqua ina volti 144, na ile ya Prius ya mwaka 2003 ina volti 201 na kitu. Umeme wa nguvu hiyo unapogeuzwa hutoa joto, na katika haibridi za Toyota inveta ina kulanti yake, pampu yake na tangi lake dogo, mbali na vile vya injini. La tatu ni joto la betri kubwa yenyewe. Katika Prius na Aqua hiyo hupozwa kwa hewa ivutwayo kutoka ndani ya motokaa, kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma.

Msomaji ataona mara moja hatari ilipo. Mwenye motokaa aliyezoea tangi moja hufungua boneti, hulitazama tangi la injini, huliona limejaa, hufunga boneti kwa moyo mkunjufu. Tangi la pili, ambalo huenda limekauka, hakulitupia jicho. Na mwenye kupakia magunia ya pojo kiti cha nyuma, akaliziba tundu la hewa, au akaliacha lijae vumbi jekundu la barabara zetu, anaipikia betri yake bila kuwasha jiko.

Kazi yenyewe ya kuangalia si ngumu, lakini ina utaratibu. Motokaa na isimame mahali tambarare, nayo iwe imepoa. Asubuhi kabla ya safari ndiyo saa njema. Sharti izimwe kabisa. Hili ni muhimu kuliko katika motokaa ya zamani, kwa kuwa haibridi iliyonyamaza huenda iko macho, na injini yake yaweza kujiwasha yenyewe huku mkono wa mtu uko ndani. Waya nene za rangi ya machungwa ni za umeme mkubwa, na asiye fundi wa kazi hiyo asiziguse. Kisha matangi yote mawili na yatazamwe kwa nje. Kila moja lina alama ya juu na alama ya chini, na kulanti ikiwa kati ya alama hizo mambo ni salama. Ikiwa imeshuka kidogo, huongezwa mpaka karibu na alama ya juu bila kuipita, kwa maana kulanti ipatapo joto hutanuka na huhitaji nafasi.

Lakini iongezwe kulanti gani? Rangi pekee si shahidi wa kutegemewa. Kulanti ya Toyota ya siku hizi ni ya waridi, ya Honda ni ya buluu, nyingi za zamani ni za kijani. Lakini rangi hutiwa na muuzaji, na wauzaji wawili waweza kutumia rangi moja kwa dawa mbili tofauti. Linalofaa ni kusoma kitabu cha motokaa, kununua aina iliyotajwa humo, na kutochanganya ovyo. Ikiwa kulanti imenunuliwa nzito, hupunguzwa kwa maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi, kwa kipimo kilichoandikwa.

Hapa ndipo tunapofika nyumbani. Matinyani ni wadi iliyo katika Kitui Magharibi. Kama katika sehemu nyingine za Kitui, mvua huja mara mbili kwa mwaka, na wakulima hutegemea zaidi ile ianzayo Oktoba. Baina ya mvua mito hugeuka njia za mchanga, na punda hubeba mitungi ya plastiki kwenda visimani na kurudi. Visima vingi vilivyochimbwa kwa mashine katika Kitui vina maji ya chumvi. Ng'ombe huyavumilia, mtu huyalalamikia, na rejeta huyapokea kimya kimya, halafu hulipiza kisasi. Chumvi hula alumini, chokaa huziba vijibomba, na magaga yaliyowaudhi mafundi wa boila huzaliwa upya ndani ya motokaa ya kisasa. Njia za kulanti katika inveta ni nyembamba. Mwenye kumimina humo maji ya kisima ili aokoe bei ya chupa moja huenda akanunua inveta nzima.

Kuna kosa jingine ambalo hufanana na wema. Mtu huona kulanti imeshuka, huongeza. Baada ya juma moja imeshuka tena, huongeza tena, akajisifu kwa uangalifu wake. Lakini tumeona kwamba tangu siku za Maybach mfumo huu umeundwa ili usipoteze maji. Ukipungua mara kwa mara, kuna mahali panapovuja: bomba la mpira lililochoka, pampu, rejeta, au ndani ya injini yenyewe. Kuongeza bila kutafuta ni kulisha ugonjwa. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nao walikuwa hawajaiona inveta.

Lipo na jambo lipitalo hasara ya mtu mmoja. Ethilini glaikoli ni tamu, na ni sumu. Mbwa au mbuzi akiilamba katika kidimbwi chini ya motokaa aweza kufa, na mtoto naye yuko katika hatari hiyohiyo. Fundi anayeifungulia kulanti ya zamani imwagike kando ya mto mkavu anadhani mto ule hauna kitu. Lakini katika Kitui mto mkavu ndio ghala la maji. Tangu mwaka 1995 shirika la SASOL pamoja na wananchi limejenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika nchi hiyo. Ukuta hujengwa kukata njia ya mto, mafuriko huuleta mchanga ukajaa nyuma yake, na maji hukaa katikati ya chembe za mchanga, yakiwa yamefichwa na jua. Katika mashimo ya mchanga wa namna hiyo akina mama huteka maji ya kunywa. Sumu iliyomwagwa juu ya mchanga haijui kwamba haikualikwa. Kulanti iliyotumika na ihifadhiwe katika chupa iliyofungwa vema na kuandikwa jina, mbali na mikono ya watoto, na ipelekwe kwa gereji inayojua kuikusanya.

Tazama jinsi bwawa la mchanga na kulanti ya motokaa zilivyo ndugu, ingawa moja ilizaliwa mtoni na nyingine kiwandani. Zote mbili zilijibu swali moja, yaani namna ya kuyaficha maji yasipotee hewani. Mvuke wa gari la moshi uliyatapanya maji, rejeta iliyarudisha, kifuniko kiliyafunga, dawa iliyalinda. Kwa mtungi mdogo wa kulanti haibridi hukaa miaka, wakati injini ya reli ilimaliza tangi zima baina ya stesheni chache. Hayo ni maendeleo ya kweli, na nchi yenye kiu haina sababu ya kuyadharau.

Lakini maendeleo hayo yameuhamisha mzigo, hayakuuondoa. Katika siku za matangi ya stesheni, mtumishi wa reli aliyatunza maji kwa niaba ya abiria wote. Leo mwenye motokaa ndiye mtumishi huyo, na stesheni yake ni boneti. Mpagazi wa Kitui alijua idadi ya vibuyu vyake kabla ya kuianza safari, na hakungoja ulimi ukauke ndipo ahesabu. Vijana wanaosoma leo, ambao kesho watakuwa madereva, mafundi na wenye mali, wana vibuyu viwili vya kuhesabu chini ya boneti moja, na tundu moja la hewa la kufuta vumbi. Ni kazi ya dakika tano asubuhi.